Dafnia na majitaka ya viwanda: kipimo kizuri, ila si kwa kila ziwa

Mto ukigeuka rangi magharibi mwa Kenya, uwe Nzoia au Nyando, mabishano hufuata njia ile ile. Wakazi wanaonyesha samaki wanaoelea. Kiwanda kinatoa karatasi ya maabara inayosema BOD (oksijeni ambayo bakteria hutumia wakila uchafu wa maji) iko sawa, pH (kipimo cha uasidi) iko sawa, kila kitu kiko ndani ya kiwango. Na inawezekana kabisa kwamba pande zote mbili zinasema kweli. Hapo ndipo wanapoingia wale wanaotaka majitaka ya viwanda yapimwe pia kwa viumbe hai wadogo wa majini, hasa dafnia. Wapinzani wao wanauliza: tangu lini kidudu kikawa shahidi?

Swali hilo lina kasoro moja. Kipimo cha BOD ambacho kila kiwanda kinajivunia nacho hutegemea viumbe hai. Maji hufungiwa kwenye chupa siku 5 katika nyuzi 20, bakteria wakala uchafu, kisha tunaangalia wametumia oksijeni kiasi gani. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa lita kwa majitaka yanayoingia mtoni. Katika ukanda wa sukari na molasi, kipimo hiki hakina mbadala: mabaki ya sukari yenyewe si sumu, lakini yakimwagwa mtoni yanamaliza oksijeni na samaki wanakosa pumzi.

Shida ni kwamba BOD haikuundwa kusaka sumu, na wakati mwingine sumu huificha. Majitaka yenye sumu kali huwadhoofisha au kuwaua wale bakteria wa kwenye chupa. Bakteria aliyekufa hali wala hapumui, basi BOD inasomeka ndogo na karatasi inatoka safi. Mpimaji makini atagutuka akiizimua sampuli kwa maji zaidi na kuona BOD inapanda badala ya kubaki pale pale. Mpimaji mwenye haraka atapiga muhuri.

Dafnia anafanya kazi kwa namna nyingine. Ni jamaa wa kamba na kaa, mwili wake unapitisha mwanga, na chini ya hadubini ndogo unaona moyo wake ukidunda na mayai yaliyojaa mgongoni. Akiwa katika hali nzuri huzaa majike watupu bila dume, kwa hiyo maabara inapata kizazi kizima chenye urithi mmoja. Kwenye utaratibu unaofuatwa na nchi nyingi, watoto ambao hawajatimiza saa 24 huwekwa watano watano kwenye glasi, glasi nne kwa kila kiwango cha majitaka, kuanzia yaliyozimuliwa sana hadi yalivyotoka kiwandani. Baada ya saa 48 mpimaji anatikisa glasi taratibu na kuhesabu sekunde 15. Asiyeogelea anahesabiwa kuwa ameshindwa. Kiwango kinachowashinda nusu yao ndicho jibu. Jibu hilo linafika kabla BOD haijafika katikati ya safari.

Nguvu kubwa ya kipimo hiki ni kwamba hakihitaji kujua kinatafuta nini. Mkemia hupata alichotumwa kutafuta. Ukimwagiza risasi na zebaki, atakuletea risasi na zebaki. Chukua pareto, zao ambalo Nakuru inalijua vizuri. Ni dawa ya wadudu ya asili, haina madhara makubwa kwa mtu, lakini dafnia ni wa nasaba moja na wadudu. Pareto na dawa za viwandani zilizobuniwa kwa kuiga kemia yake humdhuru kwa viwango vidogo mno ambavyo BOD haiwezi kuviona. Au chukua shaba. Kanuni zile za 2006 ziliruhusu hadi miligramu 1 kwa lita, ilhali kwenye maji laini, yaani yasiyo na chokaa nyingi, dafnia anaweza kufa kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya kiasi hicho. Kweli, mto huzimua. Ila wakati wa kiangazi baadhi ya mito yetu haina maji ya kuzimua chochote.

Sasa upande wa pili, ambao nauona una uzito kuliko wanaharakati wanavyokubali.

Dafnia akifa hasemi ameuawa na nini. Meneja wa kiwanda akiambiwa tu kwamba majitaka yake ni sumu hajui afunge bomba lipi. Upo utaratibu wa kuendelea: unagawa sampuli, sehemu moja unaitia EDTA ya kushika metali, nyingine unaitia thayosulfeti ya kuondoa klorini, nyingine unaichuja kuondoa kemikali za kaboni, kisha unaangalia ni wapi dafnia wanarudi kuogelea. Ni kazi nzuri ya kipelelezi, lakini inakula muda na pesa. Kuna pia mambo ya kila siku: kuwafuga dafnia kunataka nyuzi joto zisizoyumba, karibu 20, katika mji kama Kisumu ambako stima ikipotea mchana maabara inageuka jiko. Wakifa zaidi ya mmoja kati ya kumi kwenye glasi ya maji safi, kipimo chote kinatupwa. Wakili yeyote mwenye akili ataanzia hapo.

Lakini hoja nzito kuliko hizo ni ya mahali. Dafnia anayetumika zaidi, Daphnia magna, ni wa maji magumu na ya baridi kiasi. Ziwa Victoria lina maji laini na yenye joto, na kwenye maji laini metali huwa na sumu zaidi. Ukizimua majitaka ya Kisumu kwa maji magumu ya maabara, unaweza kupata jibu la kupendeza ambalo Ghuba ya Winam, upande wa ziwa ulioko Kisumu, haitalitambua. Ziwa lina dafnia wake na lina ochonga, yule uduvi mdogo anayenaswa pamoja na omena. Hao ndio wanaostahili kuulizwa.

Nakuru mambo ni magumu zaidi. Ziwa Nakuru ni la magadi, halina mto unaotoka, na majitaka ya mji yakishatibiwa huelekea huko. Sema majitaka yana amonia na pH ya 7. Katika pH hiyo chini ya asilimia 1 ya amonia iko katika umbo lenye sumu kali. Dafnia anaogelea, cheti kinatoka. Maji yale yale yakichanganyika na ziwa lenye pH ya 10, zaidi ya asilimia 80 inageuka kuwa umbo hilo la sumu. Kipimo hakikudanganya, kilipima mdomo wa bomba. Na huwezi kumpeleka dafnia wa maji yasiyo na chumvi ziwani, kwa sababu chumvi peke yake itammaliza. Huko wanafaa rotifa, vijidudu vidogo vya majini, wa jenasi ya Brachionus, ambao ndio wenyeji wa maji yale. Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro wanafundisha limnolojia, elimu ya maziwa na mito. Si kazi ya kuagiza kutoka ng'ambo.

Kwa hiyo ningekubali dafnia awe king'ora, nisikubali awe hakimu. Sheria ya mazingira ya 1999 inakataza kumwaga sumu majini, na ni ajabu kuwa na katazo la sumu kisha kuridhika na jedwali la kemikali chache. Anza na viwanda vya ngozi, nguo, karatasi na dawa za kilimo, kwa kiumbe wa maji yatakayopokea uchafu huo. Akianguka mara moja, sampuli ya pili ichukuliwe haraka, tena bila taarifa, maana bomba la usiku mara nyingine si bomba la mchana. Akianguka tena, uchunguzi wa aina ya sumu uanze kwa gharama ya mwenye leseni, na faini isubiri jina la sumu. BOD ibaki pale pale: mwishoni mwa 2022 tilapia wa vizimba walipokufa kwa wingi upande wa Kisumu, kilichotajwa kilikuwa upungufu wa oksijeni, jambo ambalo glasi ya dafnia isingelitabiri.

Linabaki suala la wadogo: gereji, wapaka rangi, wachovya vyuma wanaomwaga kwenye mtaro wa mji. Kumdai kila mmoja kipimo ni kumfungia biashara. Kwao sampuli ichukuliwe pale maji yanapoingia kwenye mtambo wa kusafisha majitaka wa Kisat, Kisumu, na bili aibebe mwendesha mtambo. Ana sababu yake ya kutaka kujua, kwani sumu inayomwangusha dafnia inaweza pia kuwaua bakteria wanaomsafishia maji.