Mhandisi Aliyekufa Vitani Bila Magwanda

Waulize mafundi wa redio hapa Malindi Alan Blumlein ni nani, watakuuliza kama ni yule Mjerumani mwenye hoteli. Na hao hao ndio wanaofunga spika za kushoto na za kulia kwenye kila arusi.

Blumlein alikuwa mhandisi wa umeme, mzaliwa wa London. Inasimuliwa kuwa mwaka 1931 alikwenda sinema na mkewe akakereka: mwigizaji anatoka upande huu hadi ule, sauti yake imeganda pale pale. Desemba mwaka huo akaomba hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya sauti ya njia mbili, ndiyo hii stirio yetu. Alifariki akiwa na hataza 128. Umri wake, miaka 38 tu.

Ilikuwa tarehe 7 Juni 1942, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia. Hakuwa askari, lakini alikuwa ndani ya ndege ya kivita ya Uingereza aina ya Halifax akijaribu H2S, rada ya kuwaonyesha marubani ardhi usiku na mawinguni. Injini ikashika moto, ndege ikaanguka, wote 11 wakafa. Uchunguzi ukaonyesha kuwa nati moja ya injini haikukazwa. Nati! Mafundi mnaosoma hapa najua mmeshika vichwa. Habari za kifo chake zikafichwa, adui asijue.

Hapa ndipo ninapopata taabu. Januari 1943 rada ile ikaingia vitani juu ya Hamburg, Ujerumani, na Julai mwaka huo makumi ya maelfu ya watu wa mji huo wakauawa kwa mabomu. Mimi ni mtu wa Malindi, na Malindi ilipigwa mabomu na ndege za Italia mwaka 1940 (naam, Italia hiyo hiyo ambayo leo vijana wetu wa ufuoni wanakitema Kiitaliano kama maji). Sikubali kwamba bomu huwa jema kwa kuwa limedondoshwa na aliyeshinda.

Rafiki yangu mmoja hunibishia kuwa rada ya jamii hiyo ilisaka pia nyambizi. Hoja hiyo naiheshimu. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini na askari wa Afrika Mashariki, ikazamishwa na nyambizi ya Japani, wakafa karibu watu 1,300. Wamo waliokuwa wana wa nchi hii.

Hata hivyo, Blumlein simwiti shujaa wa vita. Kwangu mimi ni fundi aliyefia kazini kwa uzembe wa mwingine, na vyuo vyetu vya ufundi vingemtaja kwa hilo na kwa sauti aliyotuachia. Anayetaka kubishana aje na taarabu iliyorekodiwa vizuri, tukae katikati ya spika, anionyeshe kwa kidole udi unapigwa upande gani na fidla upande gani.