Hesabu ya Bodaboda wa Lushoto Isipigwe kwa Kipimo cha Ngamiani

Kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za lami nyembamba, kona juu ya kona, na ukifika mjini umepanda karibu mita 1,000. Abiria akiona nauli imezidi, hufikiria petroli ya kupandia. Mwenye pikipiki anayepanga hesabu, yaani pesa ambayo dereva humpelekea kila siku, hufikiria petroli hiyohiyo. Lakini mpanda ngazi hushuka, na milima ya Usambara hudai pesa zake wakati wa kushuka. Cha kwanza kulipishwa ni breki.

Chukua uzito wa kawaida. Pikipiki ya cc 150 ina kilo 120 hivi, dereva kilo 70, abiria 60, kiroba cha karoti 50. Jumla kilo 300. Kuushusha mzigo huo mita 1,000 kunatoa joto la kutosha kuchemsha lita 9 za maji. Upepo unachukua sehemu ya joto hilo, injini nayo inachukua yake kama dereva ameiachia gia ifanye kazi. Linalobaki lote linaingia kwenye habu mbili za chuma zenye brekishuu nyembamba ndani yake, vile vipande vinavyosugua habu ili gurudumu lisimame.

Joto likizidi, habu hutanuka na kujitenga na shuu, kwa hiyo pedali inaanza kuzama. Uso wa shuu nao unakuwa laini kama kioo na kukosa mshiko. Dereva anaongeza nguvu ya mguu, joto linaongezeka, mshiko unapungua tena. Hali hii haimpati kule juu anakoanzia safari. Inampata kwenye kona za chini, akiwa ameshaanza kuziona nyumba za Mombo na ameshazoea mwendo. Dalili ya kwanza ni harufu ya kuungua, ya pili ni pedali kushuka kuliko ilivyokuwa kona mbili nyuma. Hapo simama pembeni dakika 15, na usizimwagie breki maji. Chuma chenye moto kikikutana na maji baridi hupinda au kupasuka, na shuu zikilowa ndiyo kabisa huna breki.

Dawa yake inajulikana: shuka na gia uliyopandia. Kipande ulichokipanda kwa gia ya pili, kishuke kwa gia ya pili. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake, na ukiwa ndani ya kona usishike klachi, kwa sababu ukiishika tu injini inaachia gurudumu na pikipiki inakimbia. Breki iguswe na kuachiwa, iguswe na kuachiwa. Kuikanyaga mfululizo kilomita nzima ni kuipika.

Kuna wanaoshuka na fri, yaani bila gia yoyote, wengine wanazima injini kabisa, ili kuokoa petroli. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu faida yenyewe ni ndogo mno. Ukiachia mafuta huku gia imeingia, kabureta inatoa petroli kidogo tu, ya kuunguruma pasipo kuvuta mzigo. Anayezima injini anaokoa hiyo kidogo, na kwa malipo yake breki zinabeba mzigo wote peke yake. Usiku ni hatari maradufu: pikipiki nyingi za kazi hupata umeme wa taa kubwa kutoka kwenye injini inayozunguka. Injini ikilala, taa inalala nayo, na mbele yako kuna Fuso la kabichi linalopanda katikati ya barabara.

Ukaguzi wa breki hauhitaji fundi. Kanyaga pedali ya nyuma kwa nguvu, kisha tazama ule mkono mdogo kwenye habu unaovutwa na fimbo ya breki. Mkono na fimbo vikiwa vimekaribia pembe ya mraba, bado una shuu. Mkono ukiwa umeshaipita pembe hiyo, shuu zimekwisha, na kukaza nati ya nyuma ya fimbo kunakupa pedali ya juu isiyo na breki. Hili ndilo kosa ninaloliogopa kuliko yote. Pedali inakaa vizuri mguuni, dereva anaamini amerekebisha, kumbe ameficha tatizo.

Kupanda nako kuna ujuzi wake, ingawa gharama yake inatabirika. Hewa inapungua kadiri unavyopanda, na injini ya kabureta hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Petroli inaingia ileile, hewa ni pungufu, ndiyo maana plagi ya pikipiki inayoishi juu huwa nyeusi. Mafundi wengi hubadilisha sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni. Ukitoa jino moja mbele, kutoka 14 kwenda 13, mvuto kwenye gurudumu unaongezeka kwa asilimia 8 hivi, sawa na kuongeza meno matatu kwenye sproketi ya nyuma yenye 42. Napendelea kuongeza nyuma, kwa sababu sproketi ndogo mbele inaikunja cheni zaidi na kuila mapema. Cheni yenyewe iwe na mchezo wa milimita 25 hadi 35. Ikikazwa mno pikipiki ikiwa tupu, ukipakia itavutika kama waya, na mlimani cheni ikikatika unakuwa umepoteza breki ya injini papo hapo.

Njia za udongo za kuingia vijijini, kuelekea Mtae, Mlalo na Bumbuli, ni habari nyingine. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo mwekundu unashika tairi na kujaa chini ya madigadi mpaka gurudumu la mbele linagoma kuzunguka. Inua madigadi, weka tairi yenye kashata kubwa nyuma. Upepo wa kawaida wa tairi ni psi 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukibeba. Kwenye tope unaweza kupunguza kidogo ili tairi ikanyage kwa upana, ila usizidishe: tairi ikilegea inatembea juu ya rimu, inavuta tyubu, na valvu inakatika. Wengine hufunga vipande vya mnyororo kuzunguka tairi ya nyuma. Vinasaidia sana, mradi visiguse mkono wa gurudumu na vivuliwe kabla ya kurudi kwenye lami, la sivyo vinaila tairi na kuteleza kama mtu aliyevaa viatu vya misumari kwenye sakafu.

Tuseme injini imezimika katikati ya mwinuko wa tope. Hapo wengi huumia, kwa kuwa mkono hukimbilia breki ya mbele. Kwenye mwinuko uzito wote umelala nyuma, gurudumu la mbele ni jepesi. Ukilifunga linateleza kurudi chini likiwa limefungwa, na pikipiki inageuka ubavu. Kanyaga ya nyuma, acha gia ya kwanza ndani, klachi umeiachia, injini ishike gurudumu. Abiria ashuke upande wa juu. Kama haishiki, ilaze upande wa mlima na ujitoe. Kamwe usisimame upande wa bonde ukijaribu kuikinga na mwili wako.

Mzigo ukiwekwa nyuma ya ekseli ya nyuma unafanya kazi ya mizani: ukipanda, mbele inanyanyuka na usukani unakuwa hauna kazi. Kiroba kilalie karibu na mgongo wa dereva, chini kadiri inavyowezekana, kifungwe kwa mipira miwili inayopishana, si mmoja. Kwa sababu hiyohiyo mishkaki mlimani ni jambo la kukataa moja kwa moja, hata kama wa tatu ni mtoto. Anayekaa mwisho yuko palepale pabaya, juu ya keria.

Turudi kwenye pesa. Mwenye pikipiki anayeishi Tanga mjini anajua kazi ya Ngamiani na Chumbageni, barabara tambarare, safari fupi, shuu zinazokaa muda mrefu. Akimpa kijana wa Lushoto pikipiki kwa hesabu ileile, tuseme shilingi 10,000 kwa siku, amempa na deni lisiloandikwa. Kijana huyo, awe deiwaka wa siku mojamoja au wa mkataba, anatakiwa atoe hesabu kwanza, kisha petroli, kisha chakula cha nyumbani. Shuu zinasubiri wiki ijayo. Fimbo ya breki inakazwa nati moja zaidi. Tunamlaumu kwa ujeuri wa barabarani, na wapo majeuri kweli, lakini breki iliyokwisha haijali tabia ya dereva.

Naona hesabu ya mlimani ishuke kwa shilingi 2,000 kwa siku, na hizo 2,000 zisiwe za dereva wala za mwenye pikipiki, ziwe za pikipiki. Kwa siku sita za kazi ni 12,000 kwa wiki, 48,000 kwa wiki nne. Fungu hilo linanunua shuu za mbele na nyuma na kubakiza chenji, na ndani ya miezi miwili au mitatu linaleta cheni na sproketi zake. Mkataba uandike wazi kwamba shuu zinabadilishwa mkono wa breki unapofika pembe ya mraba, bila kumpigia mtu simu kuomba ruhusa. Na mwenye pikipiki akija kukagua mali yake, asianze na rangi ya tanki. Achuchumae nyuma, amwambie dereva akanyage, atazame ule mkono mdogo umefika wapi.