Korongo Hakunigusa

Tuanze na hili kabla halijavuka ziwa: korongo hakunigusa. Shemeji yangu, ambaye simu yake ina kamera nzuri kuliko roho yake, ameisambaza ile video mpaka kwenye kundi la akina mama wa kliniki, na chini yake ameandika "Mtaalamu wa watoto apigwa na korongo Igombe." Video inaanza mimi nikiwa tayari chini. Kilichotangulia hakimo. Kaeni niwaeleze.

Wanaonijua wanajua kazi yangu ni mazoezi ya viungo ya watoto. Ndiyo maana inauma. Mama mmoja ameshaniuliza kama wiki ijayo nafundisha kutembea au kuogelea.

Bwana mdogo, yaani mwanangu, ametimiza mwaka na kidogo. Anatembea kwa kushikilia: kochi hadi stuli, stuli hadi ndoo, ndoo hadi pazia. Ukimwachia, anakaa. Mama mkwe alishaanza maneno, kwamba mtoto wa jirani anakimbia. Nikamweleza kwa adabu zote kuwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006 vinaonyesha watoto wenye afya huanza kutembea peke yao popote kati ya miezi 8 na karibu miezi 18. Akanitazama. "Mkwe wangu, huyo Shirika amezaa wangapi?"

Alitaka pia tununue kile kigari cha magurudumu cha kumkalisha mtoto. Hapo nilikaza. Kanada walikipiga marufuku mwaka 2004, na sababu mnaweza kuziona sebuleni kwenu: mtoto anasukuma kwa ncha za vidole badala ya kukanyaga nyayo nzima, halafu kinamfikisha kwenye jiko la mkaa kabla hujageuka. Nikasema tutatumia kanga, na tutakwenda Igombe, ufukwe wa wavuvi huku Mwanza, kwenye mchanga.

Mchanga nauchagua hivi: ule ulioshikana, wenye unyevu kidogo, sehemu tambarare. Mkavu unameza mguu, na mteremko unamsukuma mtoto kuelekea majini. Peku. Ninyi mnaojaza kisanduku changu kuuliza viatu vya kuanzia, jibu ni kwamba viatu ni vya miiba na lami ya moto. Vidole vinataka kushika ardhi.

Kanga unaikunja kwa urefu hadi ibaki na upana wa kiganja, unaipitisha kifuani chini ya makwapa, ncha zote mbili zinakuja nyuma mkononi mwako. Usifunge fundo. Usimvute juu, ukimwona anagusa chini kwa vidole tu, unamfundisha kuning'inia. Iwe imelegea, kazi yake ni kudaka. Ubora wake ni kwamba mikono ya mtoto inabaki huru, naye anaihitaji: anaiinua usawa wa mabega ili asiyumbe, na ataishusha mwenyewe akishazoea. Ubaya uko kwa mshikaji. Bwana mdogo kichwa chake hakifiki nyonga yangu, kwa hiyo nilikuwa nimepinda kama ndoano ya sangara, ndala mguuni, macho kwenye nyayo zake. Kitaalamu kabisa.

Sasa, Igombe asubuhi dagaa wako kila mahali. Usiku wa giza wavuvi huwavuta kwa taa, alfajiri wanashushwa, na jua likipanda wanaanikwa: kwenye mchanga, kwenye mawe, kwenye vichanja, wengine juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa chini. Ilikuwa kama saa nne. Saa hiyo dagaa yuko nusu, juu amekauka na chini bado mbichi. Shikeni hilo.

Na palipo na dagaa, pana korongo. Wale wenye kipara na mfuko wa nyama shingoni, wanaosimama kwenye madampo ya Mwanza utadhani wanasubiri posho. Mmoja alikuwa amesimama ng'ambo ya wavu. Bwana mdogo akamwona. Akasema "Da!"

Mimi huwaambia akina mama wamwekee mtoto kitu cha kumvutia hatua mbili tatu mbele yake. Sijawahi kusema korongo.

Twende taratibu, maana hapa ndipo shemeji alipokata.

Mtoto anayeanza hana breki. Kichwa ni kizito kwa mwili ule. Kikitangulia, miguu inakimbia kukifuata, na namna pekee anayoijua ya kusimama ni kukaa. Kanga ikakaza. Nikaongeza mwendo, bado nimepinda. Mama mwenye dagaa, aliyekuwa anawageuza, akapaza sauti: "Baba! Baba mtoto, kamba!" Nikasikia "baba". La kamba halikunifikia.

Wavu wa dagaa matundu yake ni madogo, hata kidole cha mtoto hakipiti, kwa hiyo msiseme nilinasa kwenye tundu. Ilikuwa kamba ya pembeni, ile ya maboya, iliyopita juu ya jiwe ikaacha nafasi chini yake. Ndala ya kulia ikaingia humo ikakaa.

Aliyesimama wima akijikwaa, hupeleka mguu wa pili mbele akajiokoa. Mimi uzito wote ulishapita vidole vya miguu, na mbele yangu, pale mguu ulipotakiwa kutua, palikuwa na mwanangu. Nikaachia ncha moja ya kanga. Ikateleza ikatoka bila kumvuta (mnaona faida ya kutofunga fundo? andikeni). Nami nikajitupa kushoto.

Kushoto palikuwa na dagaa.

Likatua goti. Likatua bega. Nikadhani yameisha, kumbe ndiyo naanza kusafiri. Dagaa nusu ni hatari kuliko mkavu na mbichi kwa pamoja, maana wa chini wanakubeba na wa juu wanakuganda. Nikaenda kwa shavu, polepole, mdomo wazi kwa sababu nilikuwa katikati ya kuita "mtoto". Nilifika "mto". Iliyobaki waliijaza dagaa.

Na mtoto? Alikaa. Puu, juu ya nepi, kimo cha viganja viwili, basi. Watafiti wa New York walihesabu mwaka 2012 wakakuta watoto wa umri huu huanguka kwa wastani mara 17 kwa saa, katikati ya hatua 2,368. Hakuna anayewarekodi. Mimi mara moja tu, shemeji huyo hapo na simu.

Halafu, nikiwa natazama kwa jicho moja kwa kuwa la pili lilikuwa na wageni, bwana mdogo akaweka viganja chini, makalio juu, akajisukuma, akasimama. Mikono usawa wa mabega. Miguu mbalimbali. Hakuna kanga, hakuna kochi. Akatembea. Mtoto wangu alitembea peke yake mara ya kwanza, nami siwezi kupiga makofi maana mkono mmoja uko chini yangu. Kijana mmoja wa mtumbwi akamdaka kabla hajamfikia ndege.

Ndipo korongo akaja upande wangu, bila haraka. Akainama. Akachukua dagaa mmoja aliyekuwa juu ya bega langu. Dagaa, si bega. Video inaanzia hapo.

Mengine hayana maana. Nililipa dagaa wa makopo mawili ya sado, mama akanifungashia wale niliowalalia, wabeja mayu (asante mama, kwa Kisukuma). Harufu inatoka kwenye nguo, kwenye ndevu bado. Mtoto sasa anazunguka nyumba nzima, ndoo zote za maji tumezifunika na kuzipandisha juu, na ninyi mfanye hivyo. Ndoo yenye maji kidogo tu inatosha kumzamisha aliyetanguliza kichwa. Mama mkwe anawaambia majirani kuwa mjukuu wake amefundishwa na korongo.

Shemeji anasema ana kipande kingine hajakituma. Sawa, shemeji. Dada yako ameshasema mapacha wako nao wanakaribia kusimama. Jumapili Igombe, kanga mbili, mimi nitashika simu.