Mzee Mwenye Fidla Hakuwa Ombaomba

Jumamosi iliyopita nilikuwa National Gallery of Art, mjini Washington, mbele ya mchoro mkubwa wa mchoraji Mfaransa Édouard Manet wa mwaka 1862 uitwao Mwanamuziki Mzee, nilipomsikia baba mmoja akimwambia mwanawe kwa Kiswahili fasaha: "Hao ni ombaomba wa zamani wa Ufaransa, mwanangu, twende zetu." Nilifurahi kuisikia lugha yangu ugenini, kisha neno lile likanichoma, na wiki nzima halijanitoka moyoni.

Mzee yule wa mchoroni hakuwa ombaomba. Aliitwa Jean Lagrène, kiongozi wa kundi la Waroma jijini Paris (si watu wa mji wa Roma, bali jamii ambayo wengi huiita Gypsy), na alipata riziki yake kwa kupiga kinanda cha kuzungushwa kwa mkono barabarani na kwa kukaa mbele ya wachoraji wamchore kwa malipo. Hizo ni kazi mbili, na zote mbili zinachosha. Anayedhani kuwa kukaa kimya bila kujitikisa saa nzima ni mchezo, na ajaribu kwa dakika 10 tu. Katika mchoro fidla ameiegemeza mwilini na upinde anao mkononi. Ndevu zake zimeingia mvi, na macho ameyainua kututazama, kama fundi aliyekatizwa kazi na mpita njia anayesubiri kuambiwa shida yake. Hakunyosha kiganja wala hakuweka kofia chini ili tumtupie sarafu. Nimeukagua mchoro ule kutoka pembe hadi pembe, na mahali pa kuomba sikupaona.

Kwa nini basi tunaliona ombi ambalo halimo? Nadhani ni kwa sababu amekaa nje, na ya kwamba mtu asiye na nyumba nyuma yake tumezoea kumhesabu kuwa hana kitu chochote, hata ufundi. Manet hakumchorea anwani: nyuma yake na ya wale aliochorwa nao kuna uwanda mtupu na anga. Lakini utupu huo ulikuwa na chanzo. Karibu na karakana ya mchoraji kulikuwa na mtaa wa mafukara ulioitwa Petite Pologne, na miaka ile ile mkuu wa mkoa, Haussmann, kwa amri ya Napoleon III, mfalme mkuu wa Ufaransa, alikuwa akiibomoa Paris ya zamani ili kupitisha barabara pana zilizonyooka. Wenye kipato kidogo walisukumwa pembezoni mwa jiji. Watu hawa wanaoonekana kama wametupwa porini, akiwamo msichana wa kushoto aliye peku na mtoto mchanga mikononi, huenda wamesimama mahali palipokuwa mtaa wa mtu.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba Manet mwenyewe alikuwa mtoto wa hakimu aliyeishi kwa raha, na kwamba alimchora mzee na fidla badala ya kinanda chake. Nakubali pia kuwa watu wale hawatazamani, kila mmoja kama amekatwa kutoka karatasi yake na kubandikwa. Hata hivyo aliwachora kwenye turubai yenye kimo cha karibu mita 2 na upana wa karibu mita 2 na nusu, ukubwa ambao wachoraji waliomtangulia waliuweka kwa ajili ya wafalme, watakatifu na ushindi wa vitani. Mwenye kofia ndefu upande wa kulia, Colardet, alikuwa muokota matambara. Manet alikuwa amekwisha kumchora peke yake mwaka 1859, na waamuzi wa maonyesho rasmi ya Paris wakaukataa mchoro huo. Miaka mitatu baadaye akamrudisha, safari hii akiwa na wenzake.

Ikiwa yule baba atayasoma maneno haya, namsihi amrudishe mwanawe pale. Kuingia ni bure. Asimame naye mbele ya mzee, amwonyeshe upinde na vidole vilivyoushika, amwonyeshe pia yule mtu wa mwisho kulia ambaye fremu imemkata nusu, na amwambie jina: Jean Lagrène, mpiga muziki.