Jirani hana kura hapa

Ikisikika tu kwamba nyumba ya watu wenye ulemavu wa akili, au ya wanaojinasua kwenye ulevi, inafunguliwa katika mtaa fulani wa Marekani, majirani hujaa kwenye ukumbi wa halmashauri. Watalalamikia bei za nyumba na maegesho ya magari, na diwani ataahidi kuwasikiliza. Inaudhi sana. Tangu marekebisho ya 1988, Sheria ya Haki ya Makazi inakataza halmashauri kumnyima mtu makazi kwa sababu ya ulemavu, na hofu ya mtaa haihalalishi uamuzi wa jiji. Hata kabla ya hapo, mwaka 1985, Mahakama ya Juu iliukatalia mji wa Cleburne, Texas, uliodai kibali maalumu kwa nyumba ya watu 13 wakati hospitali na mabweni hayakudaiwa kibali hicho.

Kikwazo cha kawaida leo ni tafsiri ya "familia". Edmonds, jimbo la Washington, iliruhusu ndugu wa idadi yoyote kuishi pamoja, ila wasio ndugu wasizidi 5. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ilisema kanuni ya namna hiyo haikwepi sheria ya makazi.

Kwa hiyo wenzetu wa Afrika Mashariki wanaoendesha nyumba hizi huko Marekani, andikeni mapema, kabla ya faini, barua ya kuomba jiji lilegeze kanuni yake kwa ajili ya wakazi wenye ulemavu. Nasisitiza hili kwa sababu nyumba nyingi hushindwa hapa, si kwenye hoja ya haki. Mwaka 1994 mahakama ya rufaa iliwakatalia wakazi wa nyumba moja Palatine, Illinois, kwa kuwa hawakuupa mji nafasi ya kuamua ombi lao. Barua itaje anwani, kanuni inayowazuia, na idadi kamili ya wakazi. Kisha ieleze kwa nini idadi hiyo inahitajika. Wengi huiruka sehemu hii, na ombi hukataliwa papo hapo. Kule Edmonds, hoja ya nyumba ya wanaojinasua kwenye ulevi ilikuwa kwamba wakazi 8 hadi 12 ndio wanaoweza kugawana kodi na kushikana mkono katika kupona. Usitaje majina ya wagonjwa wala kuambatisha faili za hospitali. Inatosha kueleza aina ya ulemavu na uhusiano wake na ombi. Omba jibu la maandishi, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Nakubali, shingo upande, kwamba jiji lina haki ya kudai usalama wa moto na kuweka kikomo cha watu kulingana na ukubwa wa vyumba, mradi kiwabane wakazi wote wa mji. Anayetumia dawa haramu kwa sasa hakingwi na sheria hii.

Kanuni za umbali ndizo zinazonikera zaidi. Mwaka 1991 mahakama moja ya rufaa iliukubalia mji wa St. Paul, Minnesota, kanuni ya kuacha robo maili kati ya nyumba moja ya aina hii na nyingine. Mwaka 1996 nyingine ikaifuta kanuni ya Michigan ya futi 1,500. Naiunga mkono ya pili kwa moyo wote. Hakuna anayepima umbali kati ya wajane wawili wanaoishi mtaa mmoja.

Jiji likikataa, au likikaa kimya kupita kiasi, una mwaka 1 wa kulalamika kwa wizara ya nyumba, HUD, na miaka 2 ya kufungua kesi mahakamani.