Nyoka Watatu Waliobaki

Kwanza kipimo cha udongo wa kuchezea wa mwanangu, maana kesi nzima ilianzia hapo. Unga wa ngano vikombe 2, chumvi kikombe 1, mafuta ya kupikia vijiko 2 vya mezani, manjano kijiko 1 cha chai kwa ajili ya rangi, na maji ya uvuguvugu yasiyofika kikombe kizima. Chumvi iwe laini, na uikoroge kwenye maji kwanza, la sivyo punje zitamkwaruza mtoto viganja. Maji mimina kidogokidogo. Ukiyamwaga yote kwa pupa unapata uji, na mtoto wa miaka miwili na nusu anajua ukuta upi wa kuupaka. Ukisahau mafuta, udongo unapasuka kama kisigino. Chumvi yote hiyo inazuia udongo usioze haraka, na tena mtoto akionja mara moja harudii. Mtoto, nimesema. Habari za watu wazima hakuna aliyenionya.

Jumamosi hiyo mimi na mwanangu tulifinyanga nyoka. Mnawaviringisha, mnawapanga kuanzia mfupi hadi mrefu, kisha mnawahesabu kwa kumgusa kila mmoja. Anza na watatu tu, kwa sababu umri huo namba ni wimbo: kidole bado kiko kwa nyoka wa pili, mdomo umeshafika saba. Macho ya nyoka toboa kwa ncha ya uma. Usimpe maharage, yataishia puani, au kooni, na hapo hakuna mchezo tena.

Baada ya dakika 15 mwenzangu alichoka, nami nikawakusanya nyoka wote nikawafanya donge moja. Nikaliweka kwenye bakuli, nikalifunika kwa kitambaa kibichi lisikauke, nikaliacha mezani jikoni. Kwa maneno mengine, nililaza unga wa chapati.

Na mama mkwe alikuwa amefika jana yake kutoka Tanga.

Ningewahi kumzuia kama si manjano. Yakikutana na sabuni ya mche yanageuka mekundu, basi kule bafuni povu likawa kama damu, mtoto akaangua kilio akiamini vidole vimekatika, na mimi nikabaki kubembeleza. Nilipotoka, nyumba nzima inanukia mafuta ya moto.

"Karibu chakula, baba. Nimekuta umekanda, nikasema nisikuache upike mwenyewe kama huna mama."

Sahanini chapati 5, za manjano, ngumu kama vigae.

"Ila unga wenu huu wa Dar," akalalamika, "haufuri hata kidogo! Nimeugeuza mara nne. Na mayai umetia mengi."

Sasa wewe mwambie mama mkwe, aliyesimama juu ya moto kwa ajili yako, kwamba amekaanga midoli. Mimi sikuweza. Nikamega. Ulimi ulijikunja kama jongoo aliyeguswa. Nikashushia chai, nikamega tena, nikashushia maji, macho yananitoka machozi.

"Tamu, eh? Ongeza, baba, usione haya."

Nikaongeza. Ya pili ilikuwa na tundu mbili kama macho ya nyoka, zinanitazama.

Hapo ndipo mwenye mali alipoingia. Akalichungulia bakuli, tupu. Akaangalia sahani, akakunja uso.

"Bibi, nyoka wangu!"

Akanyoosha kidole, akawagusa mmojammoja, taratibu, bila kuruka: "Moja. Mbili. Tatu."

Wiki mbili nilikuwa nimemfundisha, na ndiyo mara ya kwanza kidole na mdomo kufika pamoja. Nikapiga makofi. Mama mkwe hakupiga. Alimega kipande cha nyoka wa tatu, akakitia mdomoni, akanyamaza kwa muda, kisha akakitemea kwenye kona ya khanga.

"Baba. Ulikuwa unajua?"

"Hapana, mama. Nilidhani ndivyo mnavyozipika Tanga."