Kutenga kijidudu kimoja kwenye jaruba la chumvi: kuzimua au mashine?

Maji ya jaruba la chumvi Bagamoyo, yakishakolea hadi kuwa mekundu, yamejaa vijidudu vya kila namna. Anayetaka jenomu (DNA yote) ya kimoja tu ana njia mbili: kuzimua sampuli na kuotesha, au kuipitisha kwenye mashine inayotenga seli moja moja kwa leza, kisha DNA ikakuzwa bila kuotesha.

Mashine ina hoja nzito: haingoji kijidudu kiote. Haloquadratum walsbyi, chenye umbo la mraba, kilielezwa mwaka 1980, kikaja kuoteshwa peke yake 2004. Lakini chumvi huitesa mashine. Maji yanayobeba seli ndani ya mashine yakiwa na chumvi kidogo, seli hupasuka. Yakiwa na chumvi sawa na ya jaruba, tundu la mashine huziba. Kisha kimeng'enya cha phi29, kinachonakili DNA, hukuza kiasi kidogo mno cha DNA ya seli moja (femtogramu chache) bila usawa, hasa penye herufi za DNA G na C nyingi, na vijidudu vingi vya chumvi viko hivyo. DNA ngeni iliyomo kwenye dawa za maabara nayo hukuzwa.

Sisi tungeanza kwa kuzimua. Sampuli ikiwa na seli milioni 10 kwa mililita, zimua moja kwa kumi mara sita, kisha sehemu moja kwa tatu za kuzimulia, zibaki seli 2.5 kwa mililita. Mikrolita 200 kwa kila kisima (kishimo cha sahani ya maabara) ni wastani wa nusu seli. Katika visima 96, kama 58 vitakuwa vitupu, 29 vitapata seli moja, 9 mbili au zaidi. Yaani hata seli zote zikiota, karibu robo ya visima vilivyoota si safi. Rudia kuzimua kutoka visima vilivyoota.

Maji ya kuzimulia yawe ya jaruba lilelile. Yasiyo na chumvi hupasua seli. Yachuje kwa mikromita 0.2 kisha yapike kwenye otoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo), maana virusi hupenya kichujio. Sahani ikae kwenye mfuko uliofungwa wenye kitambaa kibichi, la sivyo visima vya pembeni hukauka na fuwele zikadhaniwa ni ukuaji. Vijidudu vingine huchukua wiki nane na zaidi kuota.

Jeni ya 16S, inayotumika kutambua aina ya kijidudu, ikitoa matokeo mawili, usitupe kisima haraka: Haloarcula, kijidudu kingine cha chumvi, hubeba nakala zisizofanana za jeni hiyo ndani ya seli moja.

Hata hivyo, nanohaloarkea, vijidudu vidogo mno vya chumvi wanaoishi wakitegemea kijidudu kingine, hawataota wakitengwa. Hao ndio wa mashine. Siku ya kuchota, weka akiba kwenye gliserini iliyochanganywa na maji hayohayo ya chumvi, friza ya nyuzi -80.